Motere isiyokunywa maji, na gari lililozaliwa ukimbizini

Kila motari wa Goma, Bukavu au Uvira anaijua motere inayopozwa na hewa, hata kama hajawahi kuiita hivyo. Tazama pikipiki nyingi zinazobeba watu mitaani: juu ya karteri kuna silinda yenye mapezi ya chuma yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Hakuna radiateri, hakuna maji. Pikipiki ikitembea, upepo unapita kati ya mapezi hayo na kuondoa joto.

Kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyosukuma gari la spoti la Porsche kwa miaka 50, kuanzia 1948 hadi 1998. Gari la kwanza lenye jina hilo halikutoka katika kiwanda kikubwa. Liliundwa ndani ya jengo la zamani la kupasulia mbao, milimani Austria, na watu waliokuwa wameyakimbia mabomu. Mpaka leo watu huko Ulaya na Marekani hufungua motere za aina hiyo nyumbani kwao, wakazisafisha, wakabadilisha vilivyochakaa, na kuziwasha tena.

Kwa msomaji aliyeacha karakana yake, cherehani yake au duka lake nyuma, historia hii ina jambo la kujifunza. Lakini tuisome yote. Ndani yake kuna waliokimbia, kuna waliofukuzwa, na kuna waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Watu hao hawakuwa katika hali moja, wala hawakupata mwisho mmoja.

Ofisi ya Stuttgart

Ferdinand Porsche alizaliwa mwaka 1875 huko Bohemia, eneo ambalo leo liko Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1931 alifungua ofisi ya kuchora magari mjini Stuttgart, Ujerumani. Washirika wake walikuwa wawili: mkwe wake Anton Piëch, aliyekuwa mwanasheria, na Adolf Rosenberger, dereva wa mashindano aliyetia pesa zake na kushughulikia upande wa biashara. Rosenberger alikuwa Myahudi.

Januari 1933 Hitler alishika madaraka, na mwezi huo huo Rosenberger akaacha uongozi wa ofisi. Mwaka 1935 sehemu yake katika kampuni ikaingia mikononi mwa wengine. Septemba mwaka huo alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya mateso ya Kislau. Alipoachiliwa alitoka nchini, akapitia Ufaransa, akaishia Marekani.

Ofisi iliendelea bila yeye. Juni 1934 ilipewa mkataba wa kuchora gari la bei ndogo kwa raia, lile lililokuja kuitwa Volkswagen, maana yake gari la wananchi. Wazee wetu walilijua kwa jina la Kifaransa, Coccinelle.

Kwa nini hewa badala ya maji? Sababu ilikuwa maisha ya watu. Raia wengi wa Ujerumani hawakuwa na nyumba ya kulaza gari. Wakati wa baridi kali maji yaliyo ndani ya radiateri huganda, yakaganda hupanuka, na yakipanuka hupasua chuma. Motere isiyo na maji haina ugonjwa huo. Tena haina radiateri ya kutoboka wala mipira ya maji ya kuchakaa. Mchoraji Franz Xaver Reimspiess alitoa motere yenye silinda nne zilizolala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, pamoja na feni inayozungushwa na mkanda ili kupuliza hewa juu yake hata gari likiwa limesimama. Ujazo wake ulikuwa sentimita za ujazo 985, chini ya lita moja.

Wazo hilo halikuwa la ofisi moja tu. Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra, huko Chekoslovakia, alikuwa ametengeneza magari ya motere za hewa tangu miaka ya 1920. Tatra ililalamika kwamba michoro yake imeigwa, na miaka mingi baada ya vita Volkswagen ikalipa fidia. Josef Ganz, mhandisi na mhariri wa gazeti la magari, alikuwa amepigania kwa miaka gari dogo la bei nafuu. Yeye pia alikuwa Myahudi, naye alilazimika kuikimbia Ujerumani. Alifia Australia mwaka 1967. Mwaka huo huo Rosenberger akafia Marekani.

Kiwanda wakati wa vita

Mei 1938 Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda cha Volkswagen, mahali ambapo leo ni mji wa Wolfsburg. Wajerumani wapatao 336,000 waliweka akiba kwa kununua stempu kidogo kidogo ili wapate gari. Hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa gari kwa stempu hizo. Vita vilianza mwaka 1939, na kiwanda kikageukia kazi ya jeshi.

Motere ile ile ikawekwa ndani ya gari la askari lililoitwa Kübelwagen. Ilipelekwa katika jangwa la Afrika Kaskazini, ambako maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya shida, na katika theluji ya Urusi, ambako maji ya radiateri yangeganda. Mwaka 1943 ujazo uliongezwa ukafika 1131. Kumbuka namba hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Kiwanda kiliongozwa wakati wa vita na Anton Piëch, yule mkwe. Watu wapatao 20,000 walilazimishwa kufanya kazi humo: wafungwa wa vita, raia waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Poland na Muungano wa Sovieti, na wafungwa wa kambi za mateso. Wanawake wa kundi hilo waliozaa walinyang'anywa watoto wao. Watoto hao waliwekwa katika nyumba moja kwenye kijiji cha Rühen, na zaidi ya 300 wakafa kwa njaa, uchafu na magonjwa. Mtu akiisifu motere hii bila kulitaja jambo hilo, amesimulia nusu tu.

Jengo la mbao milimani

Kufikia mwaka 1944 ndege za adui zilikuwa zikiipiga Stuttgart mara kwa mara. Ofisi ya Porsche ilihama. Walibeba michoro, mashine walizoweza kubeba, na mafundi wao, wakaenda Gmünd, mji mdogo wa jimbo la Carinthia, kusini mwa Austria. Huko walipewa jengo la zamani la kupasulia mbao. Likawa ofisi, likawa karakana.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 hapakuwa na mteja wa gari jipya. Mafundi waliokuwa wakichora magari ya mashindano sasa walitengeneza vifaa vya wakulima na kufufua Kübelwagen zilizoachwa na jeshi. Mtu yeyote aliyewahi kuhama anaijua hali hiyo: unafanya kazi iliyopo mpaka ile unayoijua irudi.

Desemba 1945 Wafaransa walimkamata Ferdinand Porsche pamoja na Piëch kwa tuhuma za wakati wa vita. Walikaa kizuizini mpaka Agosti 1947. Kazi ikabaki kwa watoto wa Ferdinand, yaani Ferry na dada yake Louise. Kazi kubwa ya kwanza ilitoka Italia: tajiri Piero Dusio, mwenye kampuni ya Cisitalia, aliagiza michoro ya gari la mashindano. Malipo yake yalisaidia kumtoa mzee kizuizini.

Hapo ndipo Ferry alipoamua kuunda gari lenye jina la familia. Alitumia kilichokuwepo, yaani sehemu za Volkswagen. Motere ilikuwa ile ya vita, ya ujazo 1131, yenye nguvu ya farasi 25 hivi. Mafundi walibadilisha kulasi ili hewa na esansi viingie kwa urahisi, wakaongeza mbano ndani ya silinda, na nguvu ikapanda hadi farasi 35. Kwa gari zito hiyo ni nguvu ndogo. Lakini bodi ilikuwa ya aluminiamu, gari zima likiwa na uzito wa kilo 600 hivi, na liliweza kufika kilomita 135 kwa saa. Tarehe 8 Juni 1948 serikali ya jimbo ililipa kibali cha kutembea barabarani. Liliitwa 356, namba ya mradi huo katika daftari la ofisi.

Gari hilo la kwanza liliuzwa Uswisi, na aluminiamu ya magari yaliyofuata ilipatikana kupitia huko. Mabati yaligongwa kwa nyundo juu ya kielelezo cha mbao, gari moja baada ya jingine. Pale Gmünd yaliundwa magari yapatayo 50 tu.

Septemba 1948 Porsche ilitia sahihi mkataba mpya na Volkswagen. Ingepata ada kwa kila gari litakalotoka Wolfsburg, pamoja na haki ya kununua vipuri. Mkataba huo ndio uliofungua njia ya kurudi. Mwaka 1950 walianza tena kuunda magari Stuttgart, katika nafasi waliyokodi kwa watengenezaji wa bodi, Reutter, kwa sababu jengo lao lilikuwa mikononi mwa jeshi la Marekani mpaka mwisho wa 1955. Ferdinand alikufa Januari 1951. Juni mwaka huo, gari la aluminiamu la aina ya Gmünd lilishinda daraja lake katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa.

Kwa nini inafunguka nyumbani

Sasa tuiangalie motere yenyewe, maana hapo ndipo siri ya maisha yake marefu ilipo. Nachukua ile ya Volkswagen, mama wa Porsche za kwanza.

Motere imefungwa nyuma ya gari kwa bulonzi nne. Ina uzito wa kilo mia hivi. Watu wawili wenye kriki nzuri wanainua gari, wanaifungua, wanaishusha na kuivuta nje. Hakuna maji ya kumwaga, hakuna radiateri ya kuondoa.

Karteri ni nusu mbili zinazoshikana katikati kama maganda ya karanga. Ndani mna mhimili mkuu unaozunguka, na kwenye mhimili huo zimefungwa biele zinazosukumwa na pistoni. Kila silinda inasimama peke yake, na mapezi yake yameizunguka. Hili ndilo jambo kubwa. Katika motere nyingi za maji, silinda zote zimechimbwa ndani ya chuma kimoja. Zikichakaa, chuma hicho kinapelekwa kwenye mashine kubwa ya kuchonga, na mashine hiyo haipatikani kila mji. Katika motere ya hewa, unachomoa silinda iliyochakaa kwa mkono na kuingiza mpya pamoja na pistoni na segma zake.

Lakini kufunguka kwa urahisi kusimdanganye mtu. Kazi inadai mpangilio na vipimo. Kwanza ni usafi: kila sehemu inaoshwa, na kinachotolewa kinawekwa mahali pake na alama, ili biele ya silinda ya tatu isirudi kwenye ya kwanza. Kisha unapima. Mhimili mkuu unaruhusiwa kucheza mbele na nyuma kati ya milimita 0.07 na 0.13 tu. Ukicheza zaidi, beringi zinakufa. Karteri lazima ikaguliwe kama ina nyufa, na kama matundu ya beringi yamepanuka. Hapo fundi wa nyumbani anafika mwisho wa uwezo wake: kuchonga mhimili, kunyoosha karteri na kuweka upya viti vya supapu ni kazi ya mwenye mashine.

Wakati wa kufunga, bulonzi hazikazwi kwa hasira. Zinakazwa kwa kle yenye kipimo, kwa zamu, kidogo kidogo, ili nusu mbili zikae sawa bila kupinda. Supapu zinaachiwa nafasi motere ikiwa baridi. Kwa Volkswagen za miaka ya 1970 ni milimita 0.15. Nafasi ikiisha kabisa, supapu haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake, na mwisho inaungua.

Kisha kuna mabati. Wengi huyaona kama mapambo, wakayaacha yakiwa na kutu. Kumbe mabati ndiyo yanayoongoza hewa ya feni ipite kwenye kila silinda, na kuzuia hewa iliyokwisha kupata moto isirudi juu. Bati moja likikosekana, motere mpya inaweza kufa kwa joto. Mkanda nao ni hivyo hivyo: ukikatika, feni inasimama, na dereva anapaswa kuzima motere palepale.

Oili pia inapoza. Motere ya Volkswagen inabeba lita 2.5 tu, kwa hiyo oili iliyochoka haina pa kujificha. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, fundi mwenye busara anatoa buji zote, anazungusha motere kwa stata mpaka oili ifike kila mahali, ndipo anarudisha buji na kuwasha. Baada ya kilomita chache za mwanzo anafanya vidanji, kwa sababu oili ya kwanza inabeba unga wa chuma kutoka kwenye sehemu mpya zinazozoeana.

Vitabu, barabara mbaya, na mwisho wake

Mwaka 1969 Mmarekani John Muir, mhandisi aliyeiacha kazi ya viwanda vya ndege akahamia New Mexico, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wasio mafundi jinsi ya kuiweka Volkswagen yao hai. Aliandika kwa lugha ya mazungumzo, na mchoraji Peter Aschwanden akachora sehemu zote kwa mkono. Watu wengi ambao hawakuwahi kushika kle walishusha motere zao wakiwa na kitabu hicho pembeni, kimejaa alama za vidole vya oili.

Upande wetu wa Afrika motere hizi zilipimwa kwenye matope na vumbi la mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Volkswagen ilishinda mwaka 1962. Porsche 911 ilimaliza ya pili mwaka 1974, na tena mwaka 1978.

Hiyo 911 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963. Ilikuwa na silinda sita, ujazo wa lita mbili, nguvu ya farasi 130. Bado ilipozwa kwa hewa, na bado ina watu wanaoifungua nyumbani. Ila ni kazi ya daraja jingine. Vipuri ni ghali, vipimo ni vikali zaidi, na karteri za manyeziumu zilizotumika tangu mwaka 1968 zina udhaifu unaojulikana: bulonzi ndefu zinazoshika silinda hung'oka na nyuzi zake kwa sababu ya joto. Mwenye nyumba anaweza kuifungua na kuifunga, lakini karteri hiyo lazima ipitie kwa mwenye mashine.

Sheria za kelele na moshi ndizo zilizofunga ukurasa. Motere ya maji haina kelele nyingi, na joto lake linatawaliwa kwa urahisi. Tena kulasi yenye supapu nne kwa kila silinda ni vigumu kuipoza kwa hewa peke yake. Porsche 911 ya mwisho ya hewa ilitoka kiwandani Machi 1998. Coccinelle ya mwisho ilitoka Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464.

Kilichowarudisha, na asiyerudi

Watu wa Gmünd walirudi Stuttgart kwa sababu ya mambo matatu. Walikuwa na ujuzi mikononi. Walikuwa wamebeba michoro. Na walikuwa na mkataba wenye sahihi. Motere iliyo rahisi kufunguka iliwasaidia, kwa kuwa ingeweza kuboreshwa hata ndani ya jengo la mbao. Lakini bila karatasi, ujuzi wao ungewalisha kwa kutengeneza vifaa vya wakulima tu, siku baada ya siku.

Rosenberger naye alikuwa na ujuzi, na alikuwa mmoja wa waanzilishi. Yeye hakuhamishwa na mabomu. Alifukuzwa na serikali yake, na sehemu yake ikabaki kwa wenzake. Mwaka 1950 walifikia mapatano: alipata malipo na gari moja. Nafasi yake katika kampuni hakurudishiwa. Na akina mama wa Rühen hawakuwa na kampuni wala mkataba wa kuwarudishia chochote.

Kwa hiyo fundi anayehama leo na kle zake ndani ya mfuko amebeba kitu cha thamani, na inafaa vijana wakae karibu naye wajifunze, hata kama kilichopo ni silinda moja ya pikipiki. Kanuni ni zile zile: usafi, vipimo, mapezi yasizibwe na matope, oili ibadilishwe kwa wakati. Kando ya kle, abebe pia cheti chake, risiti za vifaa vyake, karatasi ya kiwanja. Asipoweza kuzibeba, azipige picha na kumtumia ndugu aliye mbali. Siku ya kurudi, mikono itaonyesha kwamba anajua kazi. Kwamba karakana ni yake, hilo litaulizwa kwa karatasi.